Uzi wa nyuzi: sin 30, kalkulatrisi tatu, majibu matatu

#1 Finaliste_Katindo (Goma)
Jambo wote. Jana jioni tulikuwa watatu tukirudia trigonometria nyumbani, Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, inakaribia. Zoezi lenyewe jepesi: sin 30. Mimi nimepata 0,5. Rafiki yangu −0,988. Wa tatu, kwa kalkulatrisi ya kaka yake, 0,454. Tumebonyeza mpaka vidole vinauma, kila moja inarudia neno lake.

Formula ninayo kwenye kaye, yaani daftari: D/180 = G/200 = R/π, D ni digrii, G gradi, R radiani. Lakini naikariri kama sala ya watoto. Naomba mtu anieleze inatoka wapi, na kwa nini pembe moja ipewe vipimo vitatu.

#2 Kodi_Himbi (Goma)
Tazama juu ya kioo, kuna herufi ndogo: D, R au G. Yako iko D, ya rafiki R, ya kaka G. Zote zimesema kweli, ila zimeulizwa maswali tofauti. Radiani 30 ni mizunguko minne mizima na zaidi ya robo tatu ya mwingine, unaishia karibu na digrii 279. Ndiyo sababu ya ile alama ya kutoa. Na gradi 30 ni digrii 27, ambayo sin yake ni 0,454.

#3 Kijana_wa_Tanga
Wakubwa, gradi ndiyo nini? Nimesoma hisabati mpaka kidato cha sita, tulikuwa na digrii na radiani basi. Hiyo G nimeiona kwenye kikokotoo miaka yote, sikuwahi kuigusa.

#4 Jiometa_wa_Kenya (Lubumbashi)
Kijana wa Tanga, gradi ndiyo iliyolisha watoto wangu. Teodoliti, kile kifaa cha kupimia pembe za viwanja, niliyoanzia kazi ilikuwa Wild T2 ya Uswisi, na duara lake lilikuwa limegawanywa mara 400. Pembe mraba ni 100. Mzunguko nusu ni 200. Ukitaka kuelekea nyuma unaongeza 200 kichwani na kuandika. Wafaransa waliibuni wakati wa mapinduzi yao, mwisho wa karne ya 18, pamoja na mita. Sisi tumeipokea kwa Wabelgiji.

Ngoja niwape kisa. Tulipima kiwanja cha mtu, pembe nne, kila pembe gradi 100, yaani mstatili safi. Mchoraji mgeni ofisini akachukua karatasi yangu, akaona 100, 100, 100, 100, akachora kwa raporteri ya digrii, kile kipimapembe cha shule. Mstari wa nne ukapita pembeni, kiwanja hakikufunga. Akaniita kwa hasira kwamba nimepima ovyo. Nikamwambia: jumlisha pembe zako. Pembe nne za ndani lazima zitoe 360 kwa digrii, au 400 kwa gradi. Yeye alikuwa na 400 za digrii. Hakuna pembenne wa hivyo duniani.

Tangu siku ile sijaandika namba ya pembe bila kuweka kipimo mbele yake.

#5 Makanika_Birere (Goma)
Mzee jiometa, salamu. Uko Nairobi au wapi?

#6 Jiometa_wa_Kenya
Kenya ni komini ya Lubumbashi, kijana wangu. Pasipoti haihitajiki, uje tu sokoni.

#7 Mwalimu_Ibanda (Bukavu)
Nimjibu mtoto wa #1, maana ameuliza vizuri, na formula yake amepewa bila mama yake.

Chukua duara lolote. Chukua uzi wenye urefu sawa na nusukipenyo, yaani kutoka katikati mpaka ukingoni. Sasa ulaze uzi huo juu ya ukingo, uufuate mviringo. Pembe inayofunguka katikati kati ya mwanzo na mwisho wa uzi ndiyo radiani moja. Hakuna kingine cha kukariri.

Uzi huo utaingia mara ngapi kuzunguka duara lote? Mzingo ni 2π mara nusukipenyo, kwa hiyo utaingia mara 2π, ambayo ni 6,283 hivi. Nusu duara ni π. Nusu duara hiyohiyo ni digrii 180, na ni gradi 200. Ndiyo formula yako: nusu duara moja imeitwa kwa majina matatu, na pembe yako ni sehemu ileile ya kila nusu duara. Digrii 30 ni sehemu ya sita ya 180, basi ni sehemu ya sita ya π, yaani π/6, 0,5236. Kurudi nyuma: radiani moja ni 180/π, digrii 57,2958. Mwenye kupenda dakika na sekunde aandike 57°17′45″.

#8 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Mwalimu, aksanti. Sisi profa alituandikia ubaoni π = 180 na akafunga hesabu. Na tulipasi.

#9 Mwalimu_Ibanda
Hapo tutagombana kwa upole, mdogo wangu. π ni 3,14159 na kuendelea, leo na kesho. Kinachofaa kusemwa ni «radiani π ni digrii 180». Ukiandika π = 180, mwanafunzi atakokotoa mzingo wa sufuria ya sm 30 na kukuambia ni mita 54. Nimesahihisha karatasi ya namna hiyo. Mtoto alikuwa mwerevu, aliamini tu alichoandikiwa.

#10 Mwana_Katuba
Lakini alama ya rad yenyewe vitabu vinaiacha. Wanaandika sin(π/6) peke yake. Kama wao wanaruhusiwa kuacha, profa naye amekosa nini?

#11 Kodi_Himbi
Mimi nipo upande wa mwalimu, na nina sababu iliyonikosesha usingizi. Mwaka wa kwanza wa kujifunza kuandika programu nilitengeneza kitu cha kuhesabu umbali kati ya miji kwa latitudo na longitudo. Goma: −1,68 na 29,22. Bukavu: −2,51 na 28,85. Nikaingiza namba moja kwa moja kwenye formula. Ikanijibu: zaidi ya kilomita 5 300.

Nimevuka Ziwa Kivu kwa meli tangu utoto, najua si 5 300. Siku mbili nilitafuta kosa kwenye alama na mabano. Kosa lilikuwa moja: Python, JavaScript na karibu lugha zote za programu husoma sin na cos kwa radiani. Nilipozidisha kila pembe kwa π/180 kwanza, jibu likawa 101, kwa mstari ulionyooka. Excel nayo ni hivyohivyo: SIN(30) inakupa −0,988 ile ya rafiki wa #1. Andika SIN(RADIANS(30)).

#12 Fundi_Kadutu (Bukavu)
Nyinyi mna vipimo vitatu, sisi wa paa tuna cha nne. Panti. Mtu anakuambia «nipigie paa la panti 30». Maana yake asilimia 30, kila mita moja ya kwenda mbele unapanda sm 30. Mwanafunzi wangu alisikia 30, akachukua raporteri akaweka digrii 30. Kwa mita 3 za usawa kimo kilitakiwa sm 90. Yeye akafika mita 1 na sm 73. Mbao zikaisha katikati ya kazi, mwenye nyumba amesimama chini anatutazama.

Hapa Bukavu kila nyumba iko mlimani, panti ndiyo lugha yetu.

#13 Ziwa_Tulivu (Goma)
Fundi, si rahisi? Asilimia 100 ni ukuta uliosimama, digrii 90. Basi asilimia 30 ni 30 kwa 100 ya 90, digrii 27.

#14 Fundi_Kadutu
Hapana ndugu. Asilimia 100 ni mita 1 mbele, mita 1 juu. Hiyo ni digrii 45. Ukuta hauna asilimia, maana hauendi mbele hata kidogo.

#15 Mwalimu_Ibanda
Fundi yuko sawa. Panti 30 ni digrii 16,7. Na tazameni jambo hili, ni zuri: panti 10 kwa radiani ni 0,0997. Karibu kabisa na 0,1! Kwenye mteremko mdogo, asilimia ya fundi na radiani ya mwanahisabati ni ndugu wa tumbo moja. Kadiri paa linavyosimama wanaachana: panti 30 ni 0,2915, panti 100 ni 0,785. Digrii hazina undugu huo na mtu. sin ya radiani 0,1 ni 0,0998. sin ya digrii 0,1 lazima uende kuitafuta.

#16 Makanika_Birere
Hapo sasa mmenigusa. Mimi niko na magurudumu mchana kutwa. Motari akija na moto yake, yaani pikipiki, nusukipenyo cha gurudumu pamoja na mpira tuseme sm 30. Akikimbia mita 10 kwa sekunde, yaani km 36 kwa saa, gawanya 10 kwa 0,30: gurudumu linageuka radiani 33 na kitu kila sekunde. Zidisha kwa 60, gawanya kwa 6,283, unapata turu 318, yaani mizunguko, kwa dakika. Kwa digrii ingekuwa safari ndefu.

Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, vilevile. Gurudumu la mbao la nusukipenyo sm 15, likigeuka radiani 100, chukudu kimesogea mita 15. Nusukipenyo mara radiani, umemaliza. Hii nilifundishwa na mtu ambaye hakukaa shuleni, yeye alikuwa anapima kwa kamba.

#17 Finaliste_Katindo
Aksanti sana wote, nimeanza kuona. Radiani inatoka ndani ya duara lenyewe. Gradi inatoka kwa watu wa mita. Sasa 360 imetoka wapi? Nani alihesabu?

#18 Mwana_Katuba
Siku za mwaka. Watu wa kale waliona jua likisogea kidogo kila siku kati ya nyota, wakaita hatua moja digrii moja. Wamisri walikuwa na miezi 12 ya siku 30, ambayo ni 360, kisha wakaongeza siku 5.

#19 Kijana_wa_Tanga
Mimi nilifundishwa ni Babeli. Wao walihesabu kwa sitini kama sisi tunavyohesabu kwa kumi. Dakika 60 na sekunde 60 ni zao. Nusukipenyo kinaingia ndani ya duara mara sita kikiwa kimenyooka, kile chenye pembe sita, na kila kipande wakakigawa sitini. Sita mara sitini.

#20 Jiometa_wa_Kenya
Na wengine husema ni kwa sababu 360 inagawanyika kwa urahisi. Ina vigawanyo 24. Robo, theluthi, sehemu ya tano, ya nane, ya tisa, zote nzima. 400 ya kwetu, naikubali kwa moyo wote, lakini theluthi yake ni 133,33. Hilo ni deni lake.

#21 Volkano_Munigi (Kivu Kaskazini)
Mbona mnakwenda mbali, na mfupa wa Ishango uko kwetu? Ishango, kando ya Ziwa Edward. Jean de Heinzelin, Mbelgiji, aliuchimbua mwaka 1950. Una miaka kama 20 000. Una safu tatu za mikato. Safu moja ni 11, 13, 17, 19. Jumlisheni. Nyingine 9, 19, 21, 11. Jumlisheni tena. Sitini na sitini! Ya tatu ni 48. Sitini ilihesabiwa hapa kabla Babeli haijawa na tofali.

#22 Mwalimu_Ibanda
Ndugu wa Munigi, jumla zako ni sahihi na fahari yako ni yangu pia. Ila mfupa haujasema kitu kuhusu duara. Alexander Marshack aliuona kama hesabu ya mwezi angani, wengine waliona mchezo wa hesabu, wengine wakasema ni mikato ya kushikia tu. Na kati ya Ishango na Babeli kuna miaka elfu nyingi isiyo na daraja. Mfupa wenyewe uko Brussels, hatuwezi hata kwenda kuuhesabu Jumapili.

#23 Volkano_Munigi
Daraja halijaonekana, sawa. Sitasema halikuwepo.

Niachie hapo, niongeze la radiani, maana kwetu si jambo la kaye tu. Mlima wa volkano ukijaa mwamba ulioyeyuka chini, ardhi inavimba na kuinama kidogo sana. Wataalamu wa volkano hupima mwinamo huo kwa mikroradiani, yaani radiani moja imegawanywa mara milioni. Shika ubao wa urefu wa kilomita moja, inua ncha moja kwa milimita moja tu. Hiyo ni mikroradiani moja. Ukitaka kuiandika kwa digrii: 0,0000573. Nani atasoma hiyo haraka usiku? Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka nilikimbia na watoto mgongoni, na tangu hapo nikisikia neno hilo nasimama kusikiliza.

#24 Finaliste_Katindo
Baba wa Munigi, pole sana. Hilo sikulijua kabisa.

#25 Mwana_Katuba
Nimefanya zoezi, mnisahihishe. Lubumbashi iko digrii 11 na dakika 40 kusini. Hiyo ni 11,667. Mara π/180 ni radiani 0,2036. Nusukipenyo cha dunia ni km 6 371. Zidisha: km 1 297 mpaka ikweta. Ni kweli?

#26 Jiometa_wa_Kenya
Ni kweli, mwanangu. Sasa tazama ya kwangu. Gradi moja ni digrii 0,9, basi 11,667 gawanya kwa 0,9 ni gradi 12,96. Zidisha kwa mia: km 1 296. Umemaliza bila π. Wafaransa walipanga mita ili robo ya dunia, kutoka ncha mpaka ikweta, iwe km 10 000, na robo hiyo ni gradi 100. Gradi moja ni km 100. Goma iko 1°41′, hiyo ni gradi 1,87, basi km 187 kutoka ikweta. Mabaharia nao walifanya vilevile kwa digrii: maili yao ya mita 1 852 ni dakika moja ya digrii.

#27 Ziwa_Tulivu
Kwa hiyo ile «santigradi» ya joto ni jamaa ya hii?

#28 Jiometa_wa_Kenya
Jina liligongana. Santigradi ya pembe ni sehemu ya mia ya gradi, km 1 ardhini. Mwaka 1948 ya joto ikapewa jina la Celsius rasmi, na mgongano huo ni mojawapo ya sababu.

#29 Kijana_wa_Tanga
Kwetu joto ni nyuzi joto, na pembe vitabu vingine huandika nyuzi 90. Uzi mmoja, nyuzi mia na themanini. Nyinyi mnasema digrii tu?

#30 Makanika_Birere
Sisi ni degre. Nyuzi ni za kushonea.

#31 Kodi_Himbi
Mimi ningependa nyuzi ibaki. Mwalimu wa #7 ameeleza radiani kwa uzi, na ndipo nimeelewa kitu nilichokuwa nakitumia miaka yote. Neno liko mkononi mwetu tayari. Jina radiani lenyewe ni jipya: James Thomson, kaka yake Lord Kelvin, alilitumia kwenye maswali ya mtihani huko Belfast mwaka 1873. Thomas Muir naye alikuwa akichagua kati ya majina kadhaa. Kipimo chenyewe Roger Cotes alikuwa amekieleza tangu 1714. Miaka mia na hamsini kilitumika bila jina.

#32 Kijana_wa_Tanga
Lakini tukiita digrii nyuzi, na radiani tunaieleza kwa uzi, mtoto atachanganya. Mimi naona digrii ibaki digrii.

#33 Mwana_Katuba
Narudi kwa #9, sijaridhika. Radiani ni urefu gawanya kwa urefu. Sentimita zinakatana. Kinachobaki ni namba tupu. Namba tupu haina kipimo. Basi π ni π, na neno rad ni pambo.

#34 Mwalimu_Ibanda
Umegusa palepale wakubwa wanapogombania. Mfumo wa kimataifa wa vipimo mwaka 1960 uliiweka radiani kwenye kundi la pembeni, vipimo vya nyongeza. Mwaka 1995 kundi hilo likafutwa, radiani ikawa kipimo kinachotokana na mita kwa mita, sawa na moja. Kwa hiyo una hoja. Lakini makanika wa #16 akikuambia «33 kwa sekunde», utajuaje ni radiani au turu? Tofauti yake ni mara sita. Andika rad.

#35 Makanika_Birere
Andika rad. Mtu atavunjika mguu.

#36 Mwana_Katuba
Nitaandika. Lakini kwa hoja sijashindwa.

#37 Finaliste_Katindo
Leo tumefanya lile la mwalimu. Tumechukua kifuniko cha sufuria, nusukipenyo sm 15, tukakata uzi mweusi wa mama vipande vya sm 15, tukavibandika ukingoni kwa ugali. Vipande sita vimeingia, na pengo limebaki dogo, sm 4 na kidogo. 0,28 mara 15 ni 4,2! Rafiki yangu wa −0,988 alipiga kelele mpaka mama akaja kuuliza uzi wake umefanya nini. Mdogo wangu wa darasa la nne ameelewa kabla yangu.

#38 Mwalimu_Ibanda
Mwambieni mama nitamlipia uzi.

#39 Ziwa_Tulivu
Nami nimejaribu sasa hivi, kifuniko cha nusukipenyo sm 14. Pengo langu ni sm 5 nzima. Kwa hesabu yenu lingekuwa 3,96. Kifuniko si duara, au π ya huku Goma ni nyingine?

#40 Fundi_Kadutu
Umepima kutoka katikati kwa kukisia, maana pale kuna kishikio. Pima kipenyo chote, gawanya kwa mbili.

#41 Kodi_Himbi
Au uzi wa sufu, unavutika ukiupima, ukiulaza unarudi.

#42 Jiometa_wa_Kenya
Au umekata kila kipande pungufu kwa milimita 2. Kosa dogo, lakini umelilaza mara sita: milimita 12. Ongeza kwenye 39,6, unakaribia sm 5 zako. Ndivyo viwanja vinavyopotea. Kata kipande kimoja tu, ukizungushe hichohicho, utie alama ya biki kila kinapoishia.

#43 Ziwa_Tulivu
Nakata upya. Nitumie waya wa shaba au uzi?

#44 Fundi_Kadutu
Waya.

#45 Kijana_wa_Tanga
Uzi.